Polisi wa zamani wa makaburu aliyeua weusi hadharani akaachiwa kama mfungwa wa kisiasa: Mandela na De Klerk walifanya sawa?

Nianze na tukio lenyewe maana wengi wa kizazi hiki hawalijui. Tarehe 15 Novemba 1988, mchana kweupe, kijana wa kizungu wa miaka 23 anaitwa Barend Strydom aliingia Strijdom Square katikati ya Pretoria kavaa nguo za mabakamabaka, kashika bastola, akaanza kupiga risasi kila mtu mweusi aliyemkuta mbele yake. Hakuwa anaiba wala hakugombana na mtu, na aliowapiga alikuwa hawajui hata kwa sura. Wazungu anawapita, weusi anawapiga, na mashahidi walisema jamaa alikuwa anatabasamu. Mpaka anadhibitiwa watu 7 walishapigwa risasi za kufa na wengine 15 ni majeruhi. Baadae ikajulikana kwamba wiki moja kabla alishaenda kwenye makazi ya vibanda kule De Deur, kusini mwa Johannesburg, akawapiga risasi wanawake wawili weusi na mmoja akafa, yani ile ilikuwa kama mazoezi.

Huyu mtu alikuwa polisi. Sio siku ile, siku ile alishatoka kazini, lakini jeshi la polisi la Afrika Kusini ndilo lililomfundisha silaha, na namna alivyotoka ndiyo inayonisumbua mimi kuliko hata sababu nyingine zote. Akiwa bado askari alipiga picha kashika kichwa cha mtu mweusi aliyekufa kwenye ajali ya gari, kichwa kilichokatika, anakishika kama mvuvi aliyepata samaki mkubwa. Picha ikajulikana, ikabidi aondoke. Basi. Mtu anachezea maiti ya raia akiwa na gwanda za serikali na adhabu yake ni kurudi nyumbani kwao.

Mahakamani hakuomba radhi. Alijiita kiongozi wa kundi la Wit Wolwe, yani mbwa mwitu weupe, na akaeleza kwamba kabla ya kwenda kuua alijitenga akasali, na kwa kuwa Mungu hakumpa ishara ya kumzuia akaona njia iko wazi. Mwaka 1989 akahukumiwa kunyongwa. Sasa hapo mtu wa kawaida anasema sawa, haki imetendeka, na kwa kweli kwa mahakama ya makaburu kumhukumu mzungu kitanzi kwa kuua weusi haikuwa jambo la kila siku. Ila tarehe 2 Februari 1990 Rais De Klerk akatangaza kusimamisha unyongaji, ndo ile hotuba ya kufungulia vyama vilivyokuwa vimepigwa marufuku, Strydom akabaki hai gerezani. Na Septemba 1992 akatoka mlangoni mtu huru, kwenye orodha ya wafungwa wa kisiasa. Ameua watu 8 amekaa ndani hata miaka minne haijatimia.

Swali ambalo watu wanabishana nalo mpaka leo ni kwamba ule ulikuwa usaliti au ilikuwa bei ya lazima ya amani? Mimi nina msimamo wangu na nitausema, ila kwanza tuwe wakweli kwa pande zote maana hili jambo ukilisoma juujuu unaweza kutukana watu ambao walikuwa na sababu.

Tuangalie hali ya 1992 ilivyokuwa. Mwezi Machi wazungu walipiga kura ya maoni na karibu asilimia 69 wakasema mazungumzo yaendelee, watu wakadhani mambo yameisha. Mwezi Mei CODESA 2, ile duru ya pili ya mazungumzo yenyewe, ikakwama. Juni 17 mauaji ya Boipatong, watu 45, ANC wakajitoa kwenye mazungumzo. Septemba 7 wanajeshi wa Ciskei, moja ya vinchi vya weusi vilivyoundwa na makaburu, wakafyatulia risasi maandamano ya ANC pale Bisho, 29 wakafa. Nchi ilikuwa inateleza kwenda kwenye vita kamili na kila mtu alikuwa anaona. Kilichorudisha watu mezani ni makubaliano ya tarehe 26 Septemba kati ya Mandela na De Klerk, na moja ya masharti ya ANC ilikuwa wafungwa wao wote wa kisiasa waliobaki watoke, akiwemo Robert McBride.

McBride ndiye ufunguo wa hii stori. Alikuwa mpiganaji wa Umkhonto we Sizwe (MK), tawi la kijeshi la ANC, na tarehe 14 Juni 1986 aliongoza shambulio la bomu la kwenye gari ufukweni Durban, nje ya baa. Wanawake watatu wakafa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa, raia wote waliokuwa wanakunywa jioni yao. Yeye alisema shabaha ilikuwa askari wa usalama waliokuwa wanapenda kunywa maeneo yale. Naye alihukumiwa kunyongwa, 1987. Kwa wazungu wengi McBride alikuwa ndo sura ya ugaidi, na De Klerk alijua akimtoa yule peke yake mkono mtupu chama chake kitararuliwa na watu wa kulia. Kwa hiyo akamweka Strydom upande wa pili wa mzani. Mmoja wenu, mmoja wetu. Wakatoka siku moja, pamoja na kada mwingine wa MK, Mthetheleli Mncube.

Wanaotetea ule uamuzi wana hoja nzito na sitaki kuzidharau. Ya kwanza ni hesabu ya maisha. Ukiweka upande mmoja kumwachia muuaji mmoja, na upande mwingine nchi nzima kurudi kwenye Boipatong kila mwezi, kiongozi mwenye akili anachagua nini? Mwaka mmoja na nusu baadae, 27 Aprili 1994, watu wakapanga foleni kupiga kura. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba bila Strydom kutoka kura isingepigwa, lakini hakuna pia anayeweza kuthibitisha kinyume chake, na waliokuwa mezani hawakuwa na muda wa kufanya utafiti.

Hoja ya pili inauma zaidi, hasa kwetu. Ni rahisi sana kwa mtu wa Tanzania aliyekua anasikia habari za Mazimbu, ile kambi ya ANC pale Morogoro, na nchi za mstari wa mbele kumwona McBride shujaa na Strydom shetani na kesi ikaishia hapo. Lakini mama aliyempoteza binti yake pale Durban, mwanae hakuwa mkaburu mwenye cheo, alikuwa msichana tu ametoka jioni. Kwake yeye bomu na bastola vina tofauti gani? Mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu. Ukisema muuaji wa raia wetu lazima aoze jela na muuaji wa raia wao ni mpigania uhuru, basi hujaongelea haki hapo, umeongelea timu.

Ya tatu ni ya kisheria na watu wengi wanairuka. Kusema kuua kwa sababu ya rangi sio siasa inasikika vizuri, lakini kwenye nchi ambayo rangi ndiyo iliyokuwa siasa yenyewe, unapochora huo mstari unachora wapi? Chukua mifano miwili. Tarehe 25 Julai 1993 wapiganaji wa APLA, tawi la kijeshi la PAC, chama kingine cha ukombozi, waliingia kanisa la St James kule Kenilworth Cape Town wakati wa ibada, wakarusha maguruneti na kupiga risasi, watu 11 wakafa. Mwezi mmoja baadae, 25 Agosti, mwanafunzi wa Kimarekani Amy Biehl akauawa na vijana Gugulethu, kosa lake kubwa lilikuwa ngozi nyeupe mtaa usio wake, na yeye alikuwa amekuja kusaidia maandalizi ya uchaguzi wa rangi zote. Wahusika wa matukio yote mawili waliomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano na mwaka 1998 wakapewa. Sasa mtetezi wa Strydom anakuuliza, hao hawakuchagua watu kwa rangi? Na ukweli ni kwamba walichagua. Ukikaa kimya hapo, umeshindwa mjadala.

Mimi sikai kimya ila nakiri jibu lake sio la mstari mmoja.

Sheria iliyoanzisha ile tume, ya mwaka 1995, haikuuliza tu kama ulimchukia uliyemuua. Iliuliza ulifanya kwa niaba ya nani, ni chama gani au chombo gani cha dola, kulikuwa na amri au sera iliyojulikana, kitendo kililingana vipi na lengo, na hukufanya kwa chuki binafsi au kwa faida yako. Halafu juu ya yote lazima useme ukweli wote. Watu zaidi ya 7,000 waliomba, waliopata ni 849, kwa hiyo wanaosema ile tume ilikuwa inagawa msamaha kama pipi hawajaangalia namba. Clive Derby-Lewis na Janusz Walus waliomuua Chris Hani 1993 waliomba wakanyimwa, pamoja na kwamba kumuua kiongozi wa chama cha kikomunisti ni siasa mpaka basi, walinyimwa kwa sababu chama chao hakikuwa kimewatuma na hawakusema ukweli wote. Wale wa APLA walikuwa na kamandi juu yao. Vijana wa Gugulethu walikuwa wanachama wa umoja wa wanafunzi wa PAC, wametoka kwenye mkutano, tume ikakubali kwamba walikuwa wanaitikia wito wa chama chao. Unaweza kuona huo uamuzi ni mbaya, hata mimi ule wa Biehl unanipa tabu, lakini angalau kulikuwa na kipimo na watu walisimama hadharani wakapimwa.

Strydom alipimwa na nani? Hakuna. Wit Wolwe wake, kundi alilosema analiongoza, lilionekana ni la kichwani mwake tu. Hakuna aliyemtuma wala aliyempa amri, na kitendo chenyewe hakikuwa na lengo lolote la kisiasa ambalo lingeweza kutimia kwa kumpiga risasi mama anayepita na mizigo yake. Ukichukua vigezo vyote vilivyokuja kuwekwa baadae anafeli karibu kila kimoja. Alitoka kwa sababu alihitajika mzungu wa kumsawazisha McBride, na yeye ndiye aliyekuwepo stoo. Samahani kwa lugha lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na hapa ndipo linapoingia suala la upolisi wake, ambalo naona wachambuzi wengi wanalitaja kwenye aya ya kwanza halafu wanalisahau. Serikali ya wakati ule ilipenda sana kumwonyesha kama kichaa mmoja, mtu wa pembeni, alishaondoka polisi, sisi hatuhusiki. Ikiwa hivyo, kichaa wa peke yake anakuwaje mfungwa wa kisiasa miaka mitatu baadae? Hawawezi kuvila vyote viwili. Ama alikuwa mgonjwa wa chuki asiyemwakilisha mtu, na hapo sehemu yake ni gerezani, ama alikuwa zao la siasa za dola, na hapo dola yenyewe inatakiwa kuingia kizimbani pamoja naye ijibu ilimlea vipi.

Linganisha na wenzake wawili utaona namna haki ilivyogawanywa hovyo.

Louis van Schoor alikuwa polisi kitengo cha mbwa kwa miaka 12, akatoka akawa mlinzi binafsi mji wa East London, kule Eastern Cape. Kati ya 1986 na 1989 aliua watu wasiopungua 39, wote sio wazungu, wengine watoto kabisa. Alarm ya duka au mgahawa ikilia yeye ndo anafika na bastola yake, anapiga. Na hakuwa anajificha! Akishaua anaita polisi mwenyewe, polisi wanakuja, wanaandika, wanasema ni halali, kwa sababu kifungu cha 49 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 1977 kiliruhusu kumpiga risasi mtuhumiwa anayekimbia. Kulikuwa mpaka na stika za kwenye magari za kumpenda. Mwaka 1992, mwaka uleule aliotoka Strydom, van Schoor ndo akahukumiwa, kwa mauaji 7 tu na majaribio mawili, vifungo vikajumlishwa zaidi ya miaka 90 lakini vinatumikiwa kwa pamoja, akakaa 12 akatoka 2004. Amefariki 2024 kitandani. Yani polisi mstaafu mmoja anaingia jela kwa kuua weusi, mwingine anatoka jela kwa kuua weusi, nchi ileile, mwaka uleule. Ungekuwa ndugu wa marehemu ungeelewa nini?

Wa pili ni Eugene de Kock, kanali wa polisi, kamanda wa Vlakplaas, ile kambi iliyokuwa inateka na kuua wanaharakati. Yule hakuua kwa sababu kaamka asubuhi anachukia weusi, yule alikuwa kazini, mshahara wa serikali, medali za serikali, na wakubwa wake walijua. Mwaka 1996 alipigwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake, akakaa ndani zaidi ya miaka 20 mpaka paroli ya 2015. Ninavyosema hivi sio kwamba namtetea, alistahili. Ninachosema ni kwamba ukitafuta kati ya de Kock na Strydom nani aliua kwa siasa na nani aliua kwa rangi tupu, jibu liko wazi, na wa siasa amekaa miongo miwili wakati wa rangi tupu amekaa chini ya miaka minne. De Kock aliongea pia. Alitaja wakubwa, akasaidia kutafuta mabaki ya waliopotezwa, familia zikazika watu wao. Strydom hakudaiwa neno.

Kuna mtu ataniambia Strydom alishasema kila kitu kwenye kesi, kilikuwa kimebaki nini? Kilibaki kikubwa sana. Nani aliiona ile picha ya kichwa akaamua iishie kwa kijana kuondoka kazini? Kwenye kituo chake wangapi walicheka? Hakimu alikuwa anamhukumu mtu mmoja kwa risasi alizopiga, hakuwa na kazi ya kuchunguza kituo cha polisi. Tume ingeweza. Kwa kumtoa 1992, kabla hata tume haijafikiriwa vizuri, huo mlango ulifungwa, na mimi naamini kuna watu kwenye lile jeshi walilala usingizi mzuri siku ile kuliko hata yeye mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kumwachia, kama bei, naweza kukubali. Nasema hivyo kwa shida lakini nakubali, kwa sababu nikijiweka kwenye kiti cha Mandela Septemba 1992 na damu ya Bisho haijakauka na mtu ananiambia kinachokwamisha ni jina moja, ningesaini. Nisichokubali ni kuingizwa kwenye kundi la wafungwa wa kisiasa kana kwamba na yeye alikuwa na mapambano yake. De Klerk angeweza kutumia msamaha wa rais, akasema wazi jamani huyu ni muuaji, namtoa kwa ajili ya makubaliano, roho inaniuma. Hiyo ingekuwa kauli ya kweli. Badala yake ikawa funika kombe mwanaharamu apite, na matokeo yake kila anayetaka kusema chuki ya kibaguzi na mapambano dhidi ya ubaguzi ni kitu kimoja chenye pande mbili ana karatasi rasmi ya serikali ya kuonyesha.

Na ANC nao wasijifanye hawakuona. Walikubali ule mzani kwa sababu walimtaka mtu wao. Familia za Pretoria hazikuitwa mezani kuulizwa, kama ambavyo za Durban hazikuitwa. Ni hao tu waliolipa, pande zote mbili, halafu wakubwa wakapeana mikono.

Kilichotokea kwa McBride baada ya hapo kinachanganya mambo zaidi na ndo maana napenda kukitaja. Tofauti na Strydom, yeye alipita kwenye tume na akapewa msamaha 2001. Mwaka 2003 akawa mkuu wa polisi wa jiji la Ekurhuleni, ndugu wa waliokufa Durban wakapinga kwa uchungu sana. Gazeti la The Citizen likamwita muuaji, akalishtaki, akasema sheria ya msamaha imefuta kosa langu hamna haki ya kuniita hivyo. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na Aprili 2011 majaji wengi wakasema hapana, msamaha unafuta adhabu na rekodi ya jinai, haufuti kilichotokea, watu wana haki ya kukisema. Gazeti likaadhibiwa kidogo kwa jambo lingine, kudai kwamba hana majuto. Kwa maoni yangu hiyo hukumu ndiyo iliyorekebisha kidogo uharibifu wa 1992, maana ikishika kwa McBride aliyekubali kupimwa, kwa Strydom ambaye hakuwahi kupimwa inashika mara mbili. Muite unavyotaka.

Halafu mwaka 2014 huyohuyo McBride akapewa kuongoza IPID, chombo huru kinachochunguza polisi wanaoua na kutesa raia. Fikiria. Aliyewahi kusubiri kitanzi akawa ndo anachunguza polisi. Waziri akamsimamisha 2015, na Septemba 2016 Mahakama ya Katiba ikasema waziri hana mamlaka ya kumsimamisha mkuu wa chombo kile kienyeji, uhuru wake unalindwa na katiba. Wapo wanaoona ni kejeli kwa wafiwa wa Durban, na siwalaumu. Lakini jiulize, mwaka 1988 kungekuwa na IPID, askari anapiga picha na kichwa cha marehemu, lile faili lingeishia kwenye kujiuzulu? Labda lingeishia hapohapo, vyombo vya kusimamia polisi navyo vinaweza kuwa vya maonyesho. Lakini lingekuwepo faili.

Kuhusu pale mahali penyewe nipite haraka. Uwanja ulikuwa na jina la J.G. Strijdom, waziri mkuu wa makaburu miaka ya 50, na kichwa chake kikubwa cha shaba kilikuwa kimewekwa pale. Tarehe 31 Mei 2001, miaka 40 kamili tangu makaburu watangaze jamhuri yao, kile kichwa kikaporomoka chenyewe kikaingia kwenye maegesho ya chini. Nadhani hata wahandisi waliona aibu kuandika ripoti. Siku hizi panaitwa Lilian Ngoyi Square, mmoja wa wanawake walioongoza maandamano ya 1956 kwenda ofisini kwa Strijdom huyohuyo. Watu wanapenda sana kumalizia hii stori hapo, jina limebadilika, haki imeshinda, tufunge. Mimi naona jina la uwanja ni rahisi kubadilisha kuliko hesabu iliyobaki.

Maana hesabu ipo na inaendelea. Mwaka 2025 Rais Ramaphosa aliunda tume chini ya Jaji Sisi Khampepe kuchunguza kwanini kesi ambazo Tume ya Ukweli ilizipeleka kwa waendesha mashtaka zilikaliwa miaka yote hii, kama zilizuiwa kisiasa na nani alizuia. Familia zilizopigania hilo, zikiwemo za wale wanaharakati wanne wa Cradock waliouawa na polisi 1985, wamezeeka wakisubiri, na watuhumiwa wengi wamekufa kwa uzee. Ni jambo jema, limechelewa ila ni jema. Lakini ukiangalia inachunguza nini, inachunguza kesi ambazo hazikufunguliwa. Ya Strijdom Square ilifunguliwa, ikasikilizwa, hukumu ikatoka, mtuhumiwa akatiwa hatiani kwa kila aliyemuua. Wafiwa wa pale wakienda leo kwa Khampepe wataulizwa shauri lenu halikufika mahakamani? Lilifika, na walishinda.